Wese linaishia wapi kati ya Kibaha na Ipogolo

Shemeji yangu anaamini kwa moyo wake wote kwamba ukiendesha taratibu ndo unachoma mafuta zaidi. Anasema gari ikienda mdogo mdogo inakaa barabarani muda mrefu, injini inawaka muda mrefu, sasa we unategemea nini, lazima ile zaidi. Tumebishana kwenye grupu la familia siku mbili nzima, yeye analeta hoja na mimi naleta hoja, mpaka mama akatuma sauti ya sekunde kumi tu: "Wanangu, kwani si mpime?"

Basi nikapima.

Naenda Iringa karibu kila mwezi kumwona mama, natoka Dar na kagari kangu, Toyota IST ya 1.5 otomatiki, na toka mwaka 2022 kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya nakuwa wa kwanza kuifungua ile karatasi, naangalia Dar, naangalia Iringa. Ule mwaka mnaukumbuka, petroli ikapita elfu tatu, serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili ishuke kidogo. Mi nilikuwa naifanya ile safari kwa mahesabu ya zamani nikajikuta nafika kwa mama mfukoni sina hela ya dawa zake za presha, nikaanza kumkopa dada. Kwahiyo hili la spidi na mafuta kwangu sio la kijiweni. Ni kama nitaenda kila mwezi au nitaenda mara mbili kwa mwaka.

Nilivyopima ni hivi. Naingia sheli moja pale Kibaha, najaza fulu tenki mpaka pampu inakata yenyewe, namwambia kijana asiongeze hata tone, nasoma odometa naandika kwenye simu. Nikifika Ipogolo, kabla sijapanda kilima kuingia Iringa mjini, naingia sheli ile ile kila mara, pampu ile ile, najaza tena mpaka inakata. Lita zilizoingia ndo nilizotumia. Umbali kwa odometa yangu ni 462, ukipishana ni kidogo sana. Matairi najaza upepo jana yake, abiria ni wale wale wawili, mzigo karibu ule ule, na AC naiwasha safari zote maana Ruaha Mbuyuni saa saba mchana bila AC hapakaliki. Halafu napima kwenda tu, kurudi sipimi, na sababu yake nitaisema baadae maana ndo shemeji alipotaka kunipitia.

Safari ya kwanza niliendesha kama nilivyozoea miaka yote. Barabara ikinyooka nakanyaga, 110, 120, nikiona kibao cha 50 nakanyaga breki, nikiona kibao cha kumaliza hamsini nakanyaga mafuta. Lita 36.9. Yaani kilomita 12 na nusu kwa lita. Muda, ukitoa kula na kuchimba dawa, saa 6 na dakika 40.

Safari ya pili nikajiwekea mwisho 85, lakini kwenye vijiji nikaendelea na tabia ile ile ya breki na mafuta, breki na mafuta. Lita 31.3, kilomita 14.8 kwa lita, saa 7 na dakika 20.

Safari ya tatu 80, kidogo zaidi nikiovateki, na hapo nikabadilisha kitu kingine ambacho nilifundishwa njiani na nitakielezea. Lita 29.1. Karibu kilomita 16 kwa lita. Saa 7 na dakika 35.

Nikakaa pale sheli Ipogolo naangalia zile risiti tatu. Kati ya ya kwanza na ya tatu kuna lita 7.8. Kwa elfu tatu kwa lita ni shilingi 23,400, na nilichokuwa napata kwa hiyo hela miaka yote ni dakika 55.

Sasa kwanini, maana namba bila sababu shemeji anasema ni bahati. Hewa ni kitu kizito jamani, tunaichukulia kama haipo kwa sababu hatuioni. Toa mkono dirishani gari ikiwa 40, utasikia kaupepo kazuri tu, halafu fikiria ule mkono kwenye 110 unavyotaka kung'oka begani, sasa gari zima ndo linafanya hiyo kazi muda wote. Spidi ikiongezeka mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne. Kutoka 80 kwenda 110 umeongeza spidi kwa asilimia 37 na kitu, lakini hewa inakukaba karibu mara mbili ya mwanzo, na kuishinda unatumia mafuta. Matairi nayo yanakula lakini hayo hayabadiliki sana na spidi, ni hewa ndo inapanda kwa hasira.

Shemeji hayuko nje kabisa lakini, na hili nimemwambia mbele ya wote. Ukienda 20 au 30, kweli unakula zaidi kwa kilomita, maana injini kujizungusha yenyewe tu inataka mafuta, AC inataka, taa zinataka, na hivyo vyote vinahesabu muda, havihesabu umbali. Ndo maana foleni ya Kimara inakausha tenki bila wewe kufika popote. Kwa hiyo kuna sehemu katikati ambapo gari inakula kidogo kuliko kote, na kwa hizi gari zetu ndogo ni kama kati ya 60 na 80, ukienda kwa mwendo mmoja na gia ikiwa ya juu kabisa. Chini ya hapo shemeji ana haki. Juu ya hapo hana, na yeye anaendesha juu ya hapo.

Sasa yule aliyenifundisha.

Ilikuwa safari ya pili, tumesimama Ruaha Mbuyuni kula, wale kina mama wa vitunguu wameshazunguka gari na ndoo zao, na pembeni kuna semi, lile lori refu la tela, limepaki lina turubai, dereva wake mtu mzima hivi anakula wali nyama meza ya jirani. Nilikuwa nawasomea wenzangu lita za safari iliyopita kwa sauti, akasikia. Akaniuliza, "Dada, unapima mafuta? Ofisi inakupimia?" Nikamwambia hapana, napima mwenyewe. Akanyanyua kichwa akaniangalia vizuri, akasema yeye anapimiwa. Anapewa lita za safari kutoka Dar mpaka Tunduma, zimehesabiwa, zikiisha kabla hajafika ni yeye na bosi wake. Miaka kumi na tisa anafanya hivyo, mzigo wa Zambia, mzigo wa Lubumbashi, kurudi na shaba.

Nikamuuliza unabana vipi sasa, unaenda taratibu? Akasema taratibu ni lazima, 80 ni sheria ya sisi wa magari mazito, ila mafuta hayaliwi huko. "Hii nikiipunguza na tani zote hizo mgongoni, kuirudisha kwenye mwendo ndo utajua mafuta yanaenda wapi. Mi kibao nakiona kule, mguu natoa huku. Inateleza yenyewe, inafika kwenye hamsini bila breki. Kijana anayekanyaga mpaka kwenye kibao halafu anafunga breki, huyo Makambako hafiki na mafuta niliyonayo mimi."

Nilivyofika nyumbani nikakaa na kalkuleta kwa sababu nilitaka kujua anaongea uzoefu tu au namba zinamkubali. Namba zinamkubali. Semi na mzigo wake tuseme tani 50. Kulitoa kutoka 80 kwenda 50 kwa breki ni kutupa nguvu ambayo ili uirudishe unachoma karibu nusu lita ya dizeli. Nusu lita, kijiji kimoja! Na kati ya Kibaha na Ipogolo nilijaribu kuhesabu vibao vya 50 nikapita arobaini nikapoteza hesabu. Ishirini lita zinaishia kwenye raba za breki. Zinageuka moto, ile harufu unayoisikia ukiwa nyuma ya lori mlima Kitonga wakati wa kushuka.

Kwa kagari kangu ni kidogo lakini ni ile ile. Na watu na mizigo tuko kama kilo 1,300. Nikifunga breki kutoka 110 mpaka 50, kurudi 110 kunanigharimu kama mililita 60 za petroli. Mnavijua vile vikombe vidogo vya kahawa, vya wazee wa kijiweni na kashata? Kimoja kile. Kila kijiji namwaga kikombe kimoja cha kahawa barabarani, Mlandizi kikombe, Chalinze kikombe, Ubena Zomozi kikombe, Mikese kikombe, na nikitoka pale kwenye kibao nakanyaga kwa hasira kana kwamba kijiji kilinikosea.

Ndo hicho nilichobadilisha safari ya tatu. Mguu natoa mapema. Gari za siku hizi za EFI, zile ambazo kompyuta ndo inapima mafuta ya kuingia kwenye injini, ukiachia pedeli ikiwa kwenye gia na inatembea, kompyuta inakata mafuta kabisa, injini inazungushwa na matairi, hunywi hata tone kwa zile mita mia tatu mia nne unazoteleza. (Ndo maana kupiga free, yaani kutoa gia, kwenye mteremko hakuna faida yoyote kwa hizi gari, ukiweka free injini inabidi ijinyweshe ili isizime, na juu ya hapo umeikosesha gari nguvu ya kujizuia. Kitonga watu wamekufa kwa ajili ya kubana mafuta ambayo hata hayakubanika. Tafadhali acheni, nawaomba kabisa.)

Nasema haya yote kwa sababu kila mafuta yakipanda linakuja wazo lile lile, kwamba spidi ishushwe tuokoe mafuta, na watu wanagawanyika pande mbili wanarushiana maneno, na nadhani wote wanaongelea barabara ambayo sio hii yetu.

Sio wazo jipya. Mjomba wetu anasimulia miaka ya themanini mafuta yalivyoadimika, Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi inapaki, ukikutwa barabarani bila kibali una kesi. Watu walikuwa wanaondoka harusini mbio mbio kuwahi saa nane. Na Marekani, wenye barabara zao zile, waarabu walipowafungia mafuta Oktoba 1973, Rais Nixon akasaini sheria Januari 1974 nchi nzima mwisho maili 55 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 88. Walikaa nayo miaka ishirini na zaidi, wakailegeza kidogo 1987, wakaifuta 1995. Hispania 2011, Libya ilipoingia vitani, wakashusha kutoka 120 kwenda 110 barabara kuu, kwa vibandiko juu ya vibao vya zamani, na kabla miezi minne haijaisha wakavibandua. Na 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, Shirika la Kimataifa la Nishati likatoa mapendekezo kumi ya kupunguza mafuta haraka, na la kwanza kabisa lilikuwa hilo, shusheni spidi barabara kuu angalau kilomita 10 kwa saa.

Marekani kilichotokea ni kwamba mafuta waliyookoa hayakuwa mengi kama walivyotegemea. Makadirio yanayotajwa sana ni kama asilimia 1 ya matumizi, wengine juu kidogo wengine chini. Ukiangalia unaelewa, sheria ya spidi ya barabara kuu inagusa kilomita za barabara kuu tu, na zile tu ambazo ungezikimbiza. Anayeenda kazini kwa foleni haimgusi. Anayeivunja haimgusi, na walivunja sana. Lakini vifo vilishuka, 1973 walikufa barabarani watu 54,052, na 1974 wakafa 45,196. Ni kweli mwaka ule watu walisafiri kidogo pia kwa sababu mafuta yenyewe hayapo, sio spidi peke yake. Ila toa 45 kwenye 54 uniambie ni watu wangapi.

Halafu watu wa uchumi kule wakapiga hesabu, wakasema muda uliopotea kwa kwenda taratibu, ukiugeuza kuwa hela, ni mkubwa kuliko mafuta yaliyookolewa. Hii ndo hoja ambayo mpaka leo inarudiwa, hata shemeji ameileta, muda ni mali. Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana hapa ndo hesabu ya kwao haivuki bahari.

Mwaka 1974 kima cha chini cha mshahara Marekani kilikuwa dola 2 kwa saa, na galoni ya petroli nusu dola na senti kadhaa. Saa moja ya mtu wa chini kabisa inanunua karibu galoni nne, lita 14 hivi. Sasa njoo hapa. Kima cha chini cha serikali kuanzia Julai 2025 ni laki tano kwa mwezi. Kwa saa 45 kwa wiki, mwezi unakuwa na kama saa 195, gawanya, ni shilingi 2,560 hivi kwa saa. Saa nzima ya kazi ya mtumishi wa serikali wa kima cha chini hainunui lita moja ya petroli. Na huyo ana ajira, kuna wangapi hawaifikii hata hiyo.

Petroli hainunuliwi kwa mshahara wa Kitanzania, inanunuliwa kwa dola, inakuja na meli, kila tone, na 2023 tuliona wote dola zilivyokuwa za kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo mafuta yetu yana bei ya dunia na saa zetu zina bei ya hapa hapa. Zile dakika 55 nilizokuwa naziokoa kwa 23,400, kwa huyo wa kima cha chini ni zaidi ya saa tisa za kazi. Unafanya kazi siku nzima, na asubuhi ya kesho yake kidogo, ili uwahi kufika Iringa kwa dakika 55. Mmarekani akisema haimlipi kwenda taratibu namwelewa kabisa. Mimi inanilipa. Na nadhani wengi wetu inatulipa ila hatujawahi kukaa na risiti, tunabeba hoja zao kama zilivyo.

Hapa najua mtu atasema ana mgonjwa, ana ndege, ana biashara inaharibika, nyanya za Ilula haziwezi kusubiri. Sawa, kuna safari saa ina thamani nyingine. Mi mwenyewe siku mama alipoanguka sikuangalia mshale wa spidi. Naongelea safari zile nyingine kumi na moja za mwaka.

Ila kuna kitu nakikataa, nacho ni kuzitetea zile hamsini za vijijini kwa habari ya mafuta. Wapo wanaosema ziongezwe, hamsini iwe kila mahali, tutaokoa. Hapana. Hamsini kama zilivyowekwa sasa, kibao kimejificha kwenye majani, unakiona ukiwa juu yake, mbele kidogo kuna trafiki na tochi ya kupima spidi chini ya mwembe, haziokoi mafuta, zinayamwaga. Wote tunafunga breki pale pale, tunaburuzana, tukitoka tunaruka kama tumefunguliwa. Mi nimeshapigwa tochi mara moja, 63, kosa langu, elfu thelathini, yaani lita kumi zimeondoka kwa sekunde, na toka hapo nikawa naendesha macho yakitafuta mwembe badala ya kutafuta watu. Ni madereva wangapi tuko hivyo?

Hamsini ipo kwa sababu nyingine kabisa. Safari ya tatu, kijiji kimoja kabla ya Mikese, nilikuwa nimeshatoa mguu mapema, gari inateleza kwenye 48, na mtoto akatoka nyuma ya bodaboda iliyopaki. Wa kike, sare ya shule, ndala mguuni, ana kidumu cha njano cha lita tano kimejaa maji, anakimbia kwa kuinama upande mmoja kwa uzito. Hakuangalia. Nilikanyaga breki, gari ikasimama, kidumu kikamwagika katikati ya lami, na yeye akasimama anakiangalia kidumu, hakuniangalia mimi kabisa, ndo akaanza kulia kwa ajili ya maji. Bibi mmoja akaja akamshika mkono akanipungia, nenda tu mwanangu, nenda. Nikaenda mbele nikapaki, mikono haishiki usukani.

Shirika la Afya Duniani wanasema mtembea kwa miguu akigongwa kwa 65 hatari ya kufa ni mara nne na nusu ya akigongwa kwa 50. Siku nilipopigwa tochi nilikuwa 63. Sihitaji lita yoyote iniambie kwanini pale pawe hamsini, na naogopa tukianza kuihesabia hamsini kwa lita, siku mafuta yakishuka bei mtu atasema sasa hamsini ya nini. Kenya walipofunga spidi gavana, vile vifaa vya kuzuia gari isizidi spidi, za 80 kwenye matatu na mabasi mwaka 2004, enzi za waziri Michuki, hawakusema ni mafuta, walisema watu wanakufa. Nawaheshimu kwa kulisema hivyo wazi.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi kama inafaa kushusha spidi ili kubana mafuta, nasema inafaa, ila kwa juu. Kule kwenye barabara wazi ambako sisi wa gari ndogo ukishapita kibao cha kumaliza unajipimia mwenyewe, 120, 130, wengine 140 na watoto ndani. Mabasi na malori yana 80 yao, LATRA, wale wa serikali wanaosimamia usafiri, wanayaona mabasi kwenye VTS, mfumo wao wa kufuatilia magari, sisi hatuna wa kutuona. Ningepewa kalamu ningeandika 90. Nchi nzima haitaokoa mafuta ya ajabu kwa hilo, niwe mkweli, maana mafuta mengi ya Dar yanaishia kwenye foleni na pale dawa ni mwendokasi na reli, sio kibao. Lakini mtu mmoja mmoja anayesafiri kwenda kwao, ataiona hela yake siku hiyo hiyo sheli.

Na vibao ningeviweka kwa kushuka ngazi. 80 kwanza, mbele 70, halafu 50, vikubwa, majani yamefyekwa, ili yule mzee wa semi atoe mguu huku na afike kule akiwa ameshatulia. Kuna sehemu chache njiani pako hivyo tayari na utaona magari yanavyoingia kijijini kwa utulivu, hakuna anayefunga breki, hakuna anayepiga honi. Mikumi nayo ndani ya hifadhi, watu wanaenda taratibu kilomita zote zile hamsini kwa sababu ya matuta na lile bango lenye bei ya kila mnyama ukimgonga, na mi pale ndo kagari kangu kanakula kidogo kuliko sehemu yoyote, tukiyavuka matuta bila papara, twiga wanaonekana vizuri.

Shida niliyoipata kubwa kwenye 80 sio muda, ni watu wa nyuma. Basi linakuja linakaa mita tatu nyuma yako linawasha taa, linawasha taa, na hilo basi lenyewe mwisho wake kisheria ni 80 kama wewe. Land Cruiser inakuovateki kwenye kona ya Doma kwa hasira kwa sababu ulikuwa mbele yake dakika mbili. Nilichojifunza ni kuingia pembeni kidogo palipo na nafasi, nawasha indiketa ya kushoto, apite, namwacha. Inachosha mwanzoni. Na mara nyingi tu unamkuta kwenye mzani wa Mikumi au kwenye foleni ya malori Kitonga, gari tatu mbele yako.

Nimeziweka risiti zote kwenye grupu. Shemeji kazipiga picha kwa kukuza, kazikagua tarehe. Akasema sawa, tupime na mimi nikiendesha, ila tupime wakati wa kurudi, kutoka Iringa kuja Dar, akikimbiza 120. Nikamwambia hapana shem, hapo unanipitia. Ipogolo iko juu zaidi ya mita elfu moja kuliko Kibaha, kupandisha hii gari na watu mpaka kule kunakula kama lita mbili peke yake, ukirudi nyingi yake unaipata bure, utatoka na risiti nzuri halafu utasema 120 inabana mafuta. Kama ni kupima tupime kwenda, kama nilivyopima mimi.

Amekaa kimya nusu siku, halafu kakubali. Tunaondoka Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na moja alfajiri tuko Kibaha kwenye pampu, yeye nyuma ya usukani, mimi pembeni na simu ya kuandikia. Vijijini ameahidi hamsini yake ni hamsini, hilo nimemwambia halina mjadala. Mama kasema risiti tusimsomee kwenye simu, tumpelekee mkononi, na tupitie Ilula tumletee nyanya tenga moja.